Katibu Aliyewajibia Walioondoka

Kabla hajavua koti, kabla chai haijachemka, Katibu alikuwa na swali moja: "Kuna mtu ameandikia watu wa zamani?"

Watu wa zamani ni wale waliokwisha acha kazi kwetu. Ofisi nyingine zikishamuaga mtu kwa keki na soda zinamsahau. Sisi tulikuwa na mama mmoja aliyekataa kusahau, na mimi niliyeajiriwa kutunza kompyuta za kampuni ndiye niliyepewa dawati linalotazamana na lake. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu hapo. Kukaa mbele ya Katibu kulikuwa sawa na kumwongezea kuni mtu ambaye tayari anaungua.

Kampuni yetu inauza dawa za mifugo na mbegu hapa Eldoret, kwa maduka madogo na kwa wakulima wenyewe. Watu huajiriwa, wakazoeleka, wakaondoka. Anwani zao za baruapepe hubaki, na mkulima wa Kiplombe aliyezoea kumwandikia fulani hana wa kumwambia kwamba fulani hayupo tena. Ndipo kompyuta huwekewa maneno machache, mtu akiandika imjibu yenyewe. Wiki yangu ya kwanza nilisema hilo ni jambo dogo. Katibu alishusha miwani.

"Dogo? Wewe ukienda kwa mtu, ubishe, afungue, aseme 'hayuko' halafu afunge, utasikia aje?"

"Nitarudi nyumbani, Mama."

"Na kama ulikuwa umebeba mgonjwa?"

Alirudisha miwani na kuendelea na kazi yake.

Hata wakurugenzi walimwita Katibu tu. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na siku za mvua alitoka nyumbani na gumboots, kisha akabadilisha viatu vilivyolala ndani ya droo ya mafaili. Kalamu aliichomeka kwenye kitambaa cha kichwa halafu akaitafuta ofisi nzima, akitushuku sote. Kwenye simu alipaza sauti kulingana na umbali: mtu wa Turbo alizungumziwa kwa sauti ya kawaida, mtu wa Lodwar tukalazimika kufunga milango.

Mtu akifikia siku yake ya mwisho kazini, Katibu alimkalisha chini. Chai, mandazi, na maswali. Nani hukuandikia? Nani huandika akiwa na shida tu? Nani huandika kukusalimia? Kuna mtu atadhani umekufa? Wengi walicheka mwanzoni, lakini walipofika kwenye mandazi ya pili walianza kukumbuka: kuna mwalimu mstaafu kule Moiben mwenye kuku, huandika usiku, usipomjibu asubuhi anakuja mwenyewe. Katibu aliyasikiliza yote, kisha akaandika jibu kwa mkono nyuma ya karatasi iliyotumika, kwa maana hakuiamini kompyuta kwa maneno ya kwanza. Mimi nilipewa karatasi hiyo niinakili bila kuongeza kitu.

Majibu yake yalikuwa hivi: "Salamu. Uliyemwandikia ameacha kazi hapa kwa amani na ni mzima wa afya. Kazi yake sasa inafanywa na fulani, ambaye anajua kwamba unaweza kuandika. Ukiwa na haraka piga simu ya mezani, itashikwa na Katibu. Usikae ukingoja."

Meneja mmoja alitaka Kiingereza, tena kifupi. Katibu alimwuliza kama ng'ombe wa Kiplombe huugua kwa Kiingereza. Mwishowe wakapatana: Kiswahili juu, Kiingereza chini.

Maneno "kwa amani" aliyaweka kwa kila mtu, hata kwa yule keshia aliyesindikizwa na askari wawili hadi barabarani huku akitutukana mpaka kizazi cha tatu. Nilimwambia huo ni uongo. Akasema mteja hakuandika kuuliza habari za askari, na kwamba mtu akishatoka langoni hana njia ya kujitetea, kwa hiyo tumwache na jina lake. Huyo keshia ndiye aliyekuwa amemnyima Katibu pesa za kila alichoomba kwa miaka mingi.

Kuna methali aliyoichukia kama sumu. Ukimwambia asiyekuwepo na lake halipo, aligeuka mkali. "Lake liko," alisema. "Liko kwa inbox, na kuna mtu analingoja."

Hayo hakuyatoa hewani. Kwetu kulikuwa na tabia, na nadhani bado ipo, kwamba anayeondoka hamwachii wateja wake yule anayeshika kiti chake, ila humwachia rafiki yake, vile mtu anavyomwachia jirani mbuzi akisafiri. Kabla Katibu hajakabidhiwa shughuli hii, kila mtu alijiwekea jibu lake. Mama mmoja wa stoo alienda likizo ya uzazi, akaandika: nikiwa sipo, mwandikie daktari wa mifugo. Daktari naye akapata kazi kwingine ghafla. Akijua rafiki yake yuko karibu kurudi, akaandika: mimi nimeondoka, mwandikie mama wa stoo. Yule mama hakurudi. Aliamua kulea.

Mzee mmoja wa Kiplombe aliosha ng'ombe wake kwa dawa ya kupe, akaona wanatetemeka na kutoa povu. Akamwandikia daktari. Akajibiwa hapo hapo, amwandikie mama. Akamwandikia mama. Akajibiwa hapo hapo, amwandikie daktari. Mzee wa watu akadhani ni mtandao, akaandika tena. Alipochoka kuzungushwa alipanda pikipiki, akaingia ofisini na gumboots zenye matope, akiwa ameshika simu mbele yake ili tumsomee wenyewe.

Katibu alisoma. Akamvutia kiti, akamtafuta daktari mwingine kwa simu, akapaza sauti kama anaongea na Lodwar ingawa daktari alikuwa mtaa wa Pioneer, hapa hapa mjini. Mtamba mmoja alikufa kabla hajafikiwa. Wengine walipona. Jioni ile Katibu alikaa kwenye kiti cha wageni, pale alipokuwa amekaa mzee, akashika tama. "Tumemzungusha mtu mpaka ng'ombe yake ikakufa," alisema, "na hakuna hata mmoja alikuwa na ubaya." Tangu hapo hakunywa chai kabla ya kuuliza habari za watu wa zamani, na hakuna aliyewekewa jibu bila kupita mkononi mwake.

Mmoja wetu, muuzaji wa mbegu, alifariki. Hapo Katibu alinikataza kuweka jibu lolote. Alisema kompyuta haitangazi msiba. Akawa anakifungua kisanduku cha marehemu mwenyewe, na kila aliyeandika alipigiwa simu. Nilimsikia akimwambia mteja aliyeandika kwa utani kwamba jamaa amempotea sana: "Baba, kaa chini kwanza. Umekaa?" Alifanya hivyo kwa miezi, hadi barua zilipokwisha zenyewe.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Sukari ya ofisi aliificha. Mimi, kwa kuwa kwetu ni pande za ziwani, alinisimanga kwa samaki kila siku ya Mungu, na nilipomrudishia kwa viazi vya kwao hakucheka. Yeye aliyesema usimngojeze mtu, dada yake mwenyewe alipiga simu ya mezani mara nyingi kulalamika kwamba hajibiwi. "Huyo anataka story," Katibu alisema, akiendelea kuandika. Na alikuwa na kanuni yake: kisanduku cha aliyeondoka kiishi mwaka mmoja, kisha kifungwe. Watu walimwomba amwongezee fulani miezi miwili na akakataa katakata. Alisema mlango usiokuwa na mtu ndani hauachwi wazi daima.

Kila Ijumaa saa ya chakula, wenzake wakienda kutafuta githeri, yeye alibaki. Nilichukua muda kujua kwamba alikuwa akimwandikia mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyekwenda Ghuba kufanya kazi ya stoo katika hoteli. Huko alipewa anwani ya kazi, na mama yake alikuwa na anwani ya kazi, wakawa wanaandikiana kama makampuni mawili. Katibu alinisomea vipande: kwamba joto la huko linapika yai barabarani, kwamba anatamani mursik, yale maziwa ya kibuyuni, aliyokuwa akipewa na jirani walipoishi Pioneer.

Kisha mambo mawili yakatokea, na kila moja peke yake lingestahimilika. Katibu alihama Pioneer, akajenga kinyumba chake Yamumbi. Na simu yake ikaibiwa sokoni, pamoja na namba zote zilizokuwa humo. Alipokwenda kurudisha laini, akaambiwa mwenyewe aje na kitambulisho. Mwenyewe ni nani? Laini ilisajiliwa kwa jina la mwanawe, yeye ndiye aliyemnunulia. Akarudi ofisini na laini mpya na uso wa mtu aliyefiwa. Nikamwambia hakuna shida, Mama, si mnaandikiana. Akasema ni kweli. Ijumaa hiyo akamwandikia namba mpya, na njia ya kufika nyumba mpya.

Jibu liliingia papo hapo. Alipiga kelele ya furaha, akasimama. "Ameandika! Yuko online sasa hivi!" Nikazunguka meza. Ilikuwa mistari mitatu ya Kiingereza. Kwamba mfanyakazi huyu hayumo tena katika kampuni. Kwamba kisanduku hiki hakisomwi. Kwamba tafadhali usijibu ujumbe huu.

Nimewahi kuona watu wakipokea habari mbaya, lakini sijaona mtu akiipokea kwa njia ile. Aliisoma kwanza kama kazi ya fundi mwenzake. "Hawajaweka simu," alisema. "Hawajasema nani ameshika kazi yake." Akarudi mstari wa kwanza. "Hawajasema kama ametoka kwa amani." Niliogopa kumgusa bega.

Tulipiga simu hotelini. Tukasikilizishwa muziki, tukaambiwa hawazungumzii waliotoka. Tulitafuta Facebook, tukapata vijana wenye jina lake kila kona ya Kenya, hakuna hata mmoja aliye wake. Ndugu wakaulizwa, hakuna aliyekuwa na habari. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Kwa kijana yule, popote alipokuwa, namba ya mama ilikuwa imekufa na nyumba aliyoijua ilikuwa na wapangaji wengine. Kilichobaki ni anwani ya ofisi, aliyoijua kwa kichwa. Ndiyo sababu swali la asubuhi lilibadilika. Aliuliza bado habari za watu wa zamani, lakini kwanza alifungua kisanduku chake mwenyewe akiwa amesimama.

Umri wa kustaafu ukafika. Alinikalisha mimi chini na mandazi. "Kanuni ni mwaka mmoja," alisema, akitazama dirishani. "Yangu usifunge." Mwanamke aliyewanyima watu miezi miwili! Ningeweza kumtania. Nilisema sawa, Mama. Akanipa karatasi, jibu lake mwenyewe, nami nikalinakili bila kuongeza kitu.

Akaenda nyumbani, tumbojoto lake akaniachia mimi. Nilifungua kisanduku kile kila asubuhi kabla ya chai. Mikutano, matangazo, dada yake. Miaka ikasogea. Meneja mpya akaja, mtu wa kupenda usafi, akapitia visanduku vyote akakiona. Akauliza kwa nini mama aliyestaafu zamani bado anajibu barua. Nikaeleza. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia, akasema anasikitika, na kwamba mwisho wa mwezi vyote vya zamani vifungwe. Nikaanza kulala vibaya. Nilimwandikia mara mbili kumsihi, na mara mbili akajibu kwa adabu kwamba hapana.

Alhamisi moja, kabla mwezi haujaisha, nilikifungua kisanduku cha Katibu nikakuta barua kutoka kwa anwani nisiyoijua. "Mum ni mimi. Nimerudi Kenya, niko Mombasa. Kazi iliisha zamani nikaona aibu kuandika. Namba yako haishiki. Sina simu, hii email ni ya jamaa tumetoka na yeye, leo anaenda kwao. Nitakuja huko polepole. Nisamehe."

Ilikuwa imeingia usiku, na jibu la Katibu lilikuwa limekwenda saa ile ile. Nikaandika upesi, mimi mwenyewe, nikaeleza yote. Kimya. Jamaa alikuwa amekwisha enda kwao. Nikashuka langoni nikamwambia askari: kijana yeyote akimuuliza Katibu, usimwache aondoke, mpe kiti, nipigie simu hata nikiwa chooni. Kisha nikaomba ruhusa, nikachukua pikipiki hadi Yamumbi.

Nilimkuta akichambua maharagwe kibarazani. Alikuwa amepungua, na miguu ilikuwa imevimba, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Wamefunga yangu," alisema kabla sijamwamkia.

"Bado, Mama. Mwisho wa mwezi. Lakini ameandika."

Hakuuliza nani. Maharagwe yalimwagika mapajani, akayaacha. Nikampa simu, akaisoma, akanirudishia, akaitaka tena. Alilia kidogo bila sauti, akajifuta kwa leso, na papo hapo akawa Katibu.

"Ilimjibu?"

"Ilimjibu saa ile ile. Kama hakuisoma, atakuja ofisini, na askari anajua. Kama aliisoma, atapiga simu ama atakuja huku."

"Ilimwambia nini? Nisomee. Yote."

Nikamsomea maneno yake. "Salamu. Nimestaafu kwa amani na ni mzima wa afya. Namba yangu ni hii hapa. Kama wewe ni mwanangu, soma vizuri. Niko Yamumbi. Shuka kwa posho mill ya kusagia unga, ingia na barabara ya mchanga, geti la bluu upande wa kushoto. Usiulize mtu, ingia tu. Sina hasira."

Alikuwa amesimama kabla sijamaliza. Nilifuata macho yake. Geti lilikuwa jekundu la kuiva, na la mbele yake jekundu, na la jirani jeusi.

"Mtoto wa dada yangu alipaka Krismasi," alisema. "Nilimwambia ni nzuri." Akashika nguzo ya kibaraza. "Alisoma bluu."

"Pengine hakusoma, Mama. Na namba iko hapo, atapiga."

"Na simu ya nani? Huyo ni mtoto wa aibu. Kuomba mtu simu, hawezi. Kuuliza njia, hawezi, na mimi nimemwambia asiulize. Atapita hapa polepole akitafuta bluu, akikosa atasema mama alihama tena. Atarudi na hiyo barabara."

"Mama, Mombasa ni mbali. Hata hajafika Nakuru."

"Unajua aje?"

Sikujua. Kila alilosema lingeweza kuwa kweli. Alinituma dukani. Mwenye duka alikuwa na bluu moja tu, ya mafuta, iliyokolea kuliko ile ya zamani, na brashi moja yenye nywele chache. Niliporudi nikasema, Mama, hii siyo yenyewe. "Bluu ni bluu," akasema. "Anza juu."

Nilipaka na shati la ofisi. Yeye alikalia ndoo, akapaka sehemu ya chini, akinikemea kwa kuruka pembe. Jirani akapita akauliza kama kuna arusi. Katibu akamwambia asimame pale njiani atuambie, ukitoka upande wa posho mill, inaonekana bluu kweli? Jirani akaenda, akageuka, akasema inaonekana. "Mbali namna hiyo?" Akasema hata mbali zaidi.

Tulikuwa karibu kumaliza wakati mawingu ya mchana yaliposhuka kutoka upande wa Kaptagat, na matone ya kwanza yakaanza kuchora mistari kwenye rangi mbichi. Katibu alinyanyuka kwa taabu, akaingia ndani, akatoka na mwavuli mmoja mkubwa. Nilidhani ni wa kwake na miguu yake mibovu, nikamwambia akae kibarazani nami nitasimama. Hakunisikia. Aliufungua, akaunyoosha kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia juu ya geti, maji yakimtiririka mgongoni. Kila pikipiki ilipopita aliushusha kidogo aone ni nani, kisha akaurudisha juu ya rangi.